Kiti Kilikuwa Kikishuka

Sipendi mtu anayesema "bahati mbaya." Mtu akuletea baiskeli tairi limepasuka, wamuuliza kulikoni, akwambia bahati mbaya, na tairi lenyewe limelika mpaka nyuzi zachungulia. Nimekaa miaka ishirini na sita kwenye kibanda changu cha baiskeli hapa Kibokoni, Mombasa, na hiyo bahati mbaya sijapata kuiona. Nimeona bolti zilizoachwa bila kukazwa. Nimeona cheni zilizoliwa na chumvi kwa sababu mwenyewe alikuwa mvivu wa kuzipaka mafuta. Mkono wa mtu huwa upo mahali, ukiutafuta utauona. Nilikuwa nikiwaambia wateja hivyo bila kupunguza sauti, wengine wakanuna wasirudi, nami nikasema na waende.

Mdogo wangu hukimbiza baiskeli za mashindano. Tumezaliwa wawili tu, na baina yetu ipo miaka kumi na tano, kwa hivyo baba yetu alipofariki mimi nilikuwa mtu mzima na yeye ndiyo kwanza ameanza madrasa. Mama akamlea kwa uji na dua, mimi nikamlea kwa makelele. Baiskeli yake ya kwanza niliiunga mwenyewe kwa vipande vya baiskeli tatu zilizokufa, na tangu siku ile hakuteremka. Kisiwa hiki hakina mlima, kwa hivyo mlima wake ulikuwa ule mteremko wa Feri. Watu wakitoka kwenye kivuko, yeye apanda, ashuka, apanda tena, mara arubaini, huku akina mama wenye ndoo za samaki wakimtukana kwa kuwapitia karibu. Alipokua akawa atoka baada ya sala ya alfajiri, avuka Makupa kuingia bara, aenda kupanda vilima vya Mazeras katikati ya malori. Siku alizochelewa kurudi, mimi kazi yangu ilikuwa mbovu.

Akachaguliwa timu ya taifa kwenda mashindano ya kimataifa ng'ambo, mbio ndefu za barabarani za wanaume, zaidi ya kilomita mia mbili kwa siku moja. Haikuwa mara yake ya kwanza. Miaka miwili nyuma alikwenda, zikamshinda, akarudi kimya na tukamwachia kimya chake. Safari hii palikuwa na jambo zaidi. Klabu moja ya huko, klabu ya watu wanaolipwa mshahara kwa kuendesha baiskeli, ilimwandikia barua. Tumekuona, wakasema, na tunakutaka, lakini tunataka kwanza tukuone unamaliza mbio za masafa hayo. Maliza, na mkataba utaukuta mezani. Hawakumwambia ashinde, walimwambia amalize. Na wakamwambia, kwa uungwana kabisa, kwamba wao hawamchukui mgeni aliyefika miaka thelathini. Yeye alikuwa na ishirini na tisa na miezi kumi na moja.

Kumaliza si jambo dogo, nalieleza hili kwa wasiojua. Mbio zenyewe zilikuwa za kuzunguka mji, mizunguko kumi na miwili, na kila mzunguko ulikuwa na kilima kimoja kikali na kipande cha barabara ya mawe. Ukifika kwenye mstari umeachwa na wa mbele kwa dakika nane, msimamizi hukuonyesha kibendera na kukutoa njiani. Kisha akuvua namba ya mgongoni. Kwenye orodha huandikwa kwamba hukumaliza, basi, hata kama umekwenda saa tano na roho iko mdomoni. Wao hawana neno la kusema ulikaribia kumaliza.

Siku mbili kabla ya safari, baada ya alasiri, aliniletea baiskeli niipange katika katoni. Ilikuwa baiskeli ya kaboni aliyopewa na timu, nyepesi kiasi kwamba mama aliinyanyua kwa mkono mmoja akauliza kama imekamilika. Mimi maisha yangu yote ni chuma. Na sisi mafundi wa Mji wa Kale tuna sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika. Hapa hewa ni chumvi, na chumvi haina urafiki na mtu, kwa hivyo kila kinachoingia ndani ya kitu kingine hupakwa grisi. Bolti, pedeli, shingo ya usukani, na lile bomba la kiti linalozama ndani ya fremu. Ukiliacha bomba la kiti likavu mwaka mmoja halitoki tena mpaka ulikate kwa msumeno. Nimeyakata mengi, na nimewasema sana walioyaacha. Baba alinifunza hivyo, naye alifunzwa hivyo na aliyemfunza. Hapa kwetu kumpa mtu baiskeli isiyo na grisi ni kumpa mgeni chai isiyo na sukari. Atainywa, lakini atakusema.

Basi nikalichomoa bomba la kiti, nikalikuta kavu kabisa, nikamsikitikia fundi wa timu kwa uzembe wake. Nikatoa grisi yangu ile nzuri niliyokuwa nikiificha kwa wateja wa maana. Nikapaka bomba juu hadi chini, nikapaka na ndani ya fremu kwa kidole, nikalirudisha kwenye kipimo chake, nikalikaza. Katoni ilikuwa kubwa, kwa hivyo kiti nikakiacha kama kilivyo, nikatoa magurudumu na pedeli na usukani tu. Mdogo wangu alikuwa ameketi kizingitini akila mabuyu. Nikamwambia, "Hii sasa ndiyo baiskeli." Akacheka, akasema ahsante kaka.

Mbio zilikuwa Jumapili, saa nne asubuhi kwa saa zetu. Hazikuonyeshwa na stesheni yoyote ya hapa, ila zilikuwepo kwenye mtandao, na aliyetuokoa ni jirani yangu muuza vipuri. Duka lake latazamana na kibanda changu. Babu zake walitoka Gujarati, yeye mwenyewe hajatoka Mombasa ila kwenda Hija, na huniita shekhe tangu tukiwa vijana, kwa kejeli, kwa sababu ya ukali wangu. Alipanda ngazi zetu na waya wa kuunganisha simu na televisheni, na mkate wa boflo wa moto chini ya kwapa. Mama alikuwa ameshachoma udi na amefunga saumu ya sunna. Ameketi kwenye kiti chake na tasbihi mkononi, amejifunika leso vizuri kana kwamba watu wale wa kwenye televisheni wangeweza kumuona.

Kama hujapata kumtazama ndugu yako kwenye mbio za baiskeli, sikutakii. Kwenye mpira utamuona mtu wako kila mara mpira ukimfikia. Mbio hizi huchukua saa sita, kamera inawafuata walio mbele, na mtu wako si wa mbele. Waona migongo. Waona kofia mia na kitu zikipita kama mbaazi zilizomwagika, na wewe umekodoa macho kutafuta moja. Sisi tulikuwa tukimtafuta kwa bega. Ana bega la kushoto linaloshuka kidogo, alianguka utotoni. Watangazaji walilitaja jina letu mara moja pale mwanzoni, wakalitafuna vibaya, na mama akasema afadhali wasimtaje tena.

Mizunguko mitatu ya kwanza mambo yalikuwa mazuri. Tulimuona mara mbili katikati ya kundi, ametulia, kinywa kimefungwa, na mimi namjua, akifunga kinywa ana nguvu. Mama akauliza kwa nini hawapumziki. Jirani akamwambia hawapumziki. Akauliza hula saa ngapi. Jirani akamwambia hula hukohuko juu ya baiskeli. Mama akatikisa kichwa.

"Chakula cha kula mtu yuwakimbia kitamfaa nini?" akasema. "Hata bismillahi haipati nafasi."

Mzunguko wa nne, pale kwenye barabara ya mawe, kulikuwa na ajali. Watu saba au wanane walianguka, na mmoja wao alikuwa nahodha wa timu yetu. Nilimtazama mdogo wangu akimpita kwa pembeni, mzima, nikasema alhamdulillahi kwa sauti. Gari la timu likasimama, fundi akaruka na baiskeli ya akiba, nahodha akaipanda akaondoka nayo. Nilifurahi kwa yule bwana. Timu yetu ilikuwa na baiskeli moja tu ya akiba, na sikulipa jambo hilo fikira hata moja wakati ule.

Mzunguko wa tano kamera ilipita nyuma ya kundi wakipanda kilima, nikamuona, na kitu hakikukaa sawa. Sikujua ni kitu gani. Bega lilikuwa lake, namba ilikuwa yake, ila miguu haikuwa yake. Magoti yalikuwa yakipanda juu mno. Aliinuka akaendesha wima, akakaa, akainuka tena upesi, na yeye si mtu wa kuinukainuka. Kamera ikaenda zake mbele.

"Mmemuona?" nikauliza.

"Nimemuona," mama akasema. "Mbona mwanangu yuwaendesha kama mtu mzima aliyepanda baiskeli ya mtoto?"

Mama hajapata kupanda baiskeli hata siku moja, na aliona kabla yangu. Jirani yangu aliinama mbele, akaisimamisha picha kwenye simu, akairudisha nyuma, akaisimamisha tena. Kisha akanigeukia na kuniuliza polepole, kwa sauti ya chini, kama mtu aulizaye habari za mgonjwa.

"Shekhe, lile bomba la kiti ulilipaka nini?"

"Grisi. Ningelipaka nini?"

Akashusha macho. "Kaboni haipakwi grisi," akasema. "Ina dawa yake, ina mchangamchanga ndani, ya kuishika. Ukiipaka grisi haishiki. Barabara ikiitikisa, inashuka."

Nilitaka kumtukana. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, kwamba yeye ni muuza vipuri na fundi ni mimi. Kisha nikakumbuka lile bomba nilivyolikuta kavu, safi, limefutwa, na nikaelewa kwamba halikuwa kavu kwa uzembe. Aliyeliacha vile alijua afanyalo. Mimi ndiye niliyekuwa sijui, na kutojua kwangu kulikuwa kumebebwa na mdogo wangu kule ng'ambo, chini ya makalio yake, na kulikuwa kukishuka kidogokidogo kwa kila jiwe. Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii nguo yake ilikuwa ni mimi.

Nikatoka nikasimama kwenye ngazi. Nikampigia simu yake, imezimwa, bila shaka iko hotelini ndani ya mkoba. Nikamtumia ujumbe wa sauti, nikasema mwambie fundi akitoe kiti, alifute bomba kwa spiriti mpaka liwe kavu, kisha ndipo akaze. Alama moja tu, haujamfikia. Nilisimama nikiitazama ile alama moja kama mpumbavu, namtumia ujumbe mtu aliye juu ya baiskeli. Namba ya fundi wa timu sikuwa nayo. Namba ya ofisi ya chama cha baiskeli tuliipata kwenye barua yake ya kuchaguliwa, ikalia, ikalia, Jumapili hiyo, nani angeipokea. Jirani yangu akajaribu njia yake. Chini ya ile picha ya mbio watu walikuwa wakiandika maneno, na yeye akaandika kwa Kiingereza kizuri kwamba tafadhali, anayeweza kuifikia timu ya Kenya, awaambie bomba la kiti lina grisi. Maneno yake yakakaa hapo kwa sekunde mbili. Kisha yakaja mabendera na mioyo na mtu anayeuliza wa mbele ni nani, yakasukumwa juu, yakapotea. Akaandika tena. Aliandika mara kumi na moja, yule mtu, maskini, hakunilaumu hata kwa jicho.

Mzunguko wa sita alishuka. Hilo tuliliona kwa sababu kamera ya helikopta ilikuwa imekaa juu ya mkia wa kundi. Alisimama kando, gari likaja, fundi akaruka, akakivuta kiti juu, akakikaza kwa nguvu zake zote, akamsukuma mgongoni aondoke. Sekunde ishirini. Kukitoa na kukifuta kungechukua dakika tatu, na dakika tatu kule ni kuaga. Nilimuona yule fundi akijifuta vidole kwenye suruali. Aliufuta mkono mara mbili, akautazama, akaufuta tena. Ile ilikuwa grisi yangu.

Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa nikateremka kwenda msikitini, kwa kuwa sikuwa na la kufanya jingine duniani. Nimeomba mengi katika maisha yangu, watoto, afya, mvua, maiti wetu wasamehewe. Sijapata kumuomba Mwenyezi Mungu akaze bolti. Siku ile nilimuomba hivyo, paji la uso likiwa mkekani, na niliona haya, kwa sababu bolti ile aliyepewa kuikaza vizuri nilikuwa mimi. Mtu wa upande wangu wa kulia akanipa mkono baada ya sala, akaniuliza vipi kijana wetu, mtaa mzima ulikuwa umeshajua ni siku yake. Nikamwambia, "Yuko njiani, inshallah."

Niliporudi mdogo wangu alikuwa ameshuka mara ya pili. Jirani akanieleza kwa vidole mama asisikie: mara mbili, na ameachwa na kundi kubwa kwa dakika nne. Ulikuwa mzunguko wa nane. Kuanzia hapo alikuwa peke yake, na mtu aliye peke yake kamera haimtaki. Tukawa twaangalia namba za muda wa walioachwa, pembeni mwa picha, na picha yenyewe ilikuwa ya watu wengine, watu wenye viti vilivyokaa. Dakika nne zikawa tano. Zikarudi nne na nusu. Nikasimama.

"Yuwarudi?" mama akauliza.

"Yuwarudi," nikamwambia.

Maana alikuwa akirudi kweli, wallahi. Nilijua anafanya nini. Kiti kilikuwa kimeshashuka hakikaliki, na yeye alikuwa ameamua kukiacha na kuendesha wima. Jaribu wewe kupanda ngazi za nyumba yetu mara mia mbili bila kukaa, halafu uongeze saa moja. Aliendesha vile mzunguko wa nane wote na wa tisa wote. Miguu yangu mimi ilikuwa ikiniuma nikiwa nimesimama sebuleni. Tasbihi ya mama ilikuwa ikienda upesi, na jirani yangu alikuwa ameacha kuandika, simu ameiweka mapajani na ameushika mkono wangu kama tulio kwenye ndege. Hesabu zake zilikuwa hivi: akibaki ndani ya zile dakika nane mpaka mzunguko wa kumi na mbili uanze, hawatamtoa tena, watamwacha amalize. Ilibaki mizunguko miwili.

Mja hana hiari. Mzunguko wa kumi wale wa mbele wakaanza kukimbizana wenyewe kwa wenyewe kwa ajili ya ushindi, wakapandisha mwendo, na zile namba pembeni zikaanza kwenda zisikotakiwa. Tano. Sita na nusu. Nane. Sikuwa na hasira nao, wale walikuwa kwenye kazi yao. Niliketi chini, mgongo ukutani, nikawa naziangalia zikipanda, na hakuna kitu mkononi mwangu cha kukaza wala cha kulegeza.

Tulimuona mara moja ya mwisho, na hawakukusudia kumuonyesha. Kamera ilikuwa mbele ya vinara, wako mzunguko wa kumi na moja na njia imewarudisha kupita karibu na mstari, na yeye akatokea kwa sababu tu alikuwa kando ya njia yao. Alikuwa amesimama kando ya uzio, mguu mmoja chini. Mtu mwenye fulana ya manjano na kibendera alikuwa nyuma yake akimchomoa pini za namba mgongoni. Yeye ameinamisha kichwa ili yule mtu apate nafasi. Vinara wakampita, na kamera ikawafuata.

"Amesimama," mama akasema. Akaiweka tasbihi. "Amefika?"

Jirani akaipunguza sauti ya televisheni.

"Hawa wengine wangali wakienda, na mwanangu keshafika," akasema, na uso wake ukafunguka, nikaona aanza kuinua mikono kushukuru. Jirani yangu akanitazama. Kazi ile haikuwa yake. Nikamshika mama mikono yote miwili kabla haijafika juu, nikamwambia, hapana, mama, wamemtoa. Akauliza kwa nini. Nikamwambia amechelewa. Akauliza amechelewa kwa nini, mwanawe hachelewi, na hapo nikanyamaza, nami ndimi mtu ambaye mtaa mzima wanijua sinyamazi.

Jirani alifungasha waya wake polepole. Mlangoni akaniambia, "Yakhe, hata mimi ningekuuzia hiyo dawa ungeniuliza. Iko rafu ya nyuma. Hakuna aliyepata kuiuliza." Alisema kwa huruma, na ilinichoma kuliko lawama. Chupa ile ilikuwa umbali wa hatua kumi na mbili kutoka kwenye kibanda changu, na kumuuliza ningeona nimejishusha.

Simu ililia baada ya magharibi. Mama alikuwa amekwisha kufungua saumu kwa tende na maji, na kingine hakukigusa. Niliipokea nikaenda nayo dirishani. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia na kunawa.

"Assalaam alaykum, kaka."

"Wa alaykumu salaam. Miguu yako vipi?"

"Sina miguu. Mama analia?"

"Hapana. Amekasirikia yule mtu wa kibendera."

Akacheka kidogo, akakohoa. Nikamuuliza wale watu wa klabu. Akasema walikuja kumpa mkono, ni watu wa adabu, walimwambia amepigana vizuri na wanamtakia kila la heri. Alilitamka lile la kila la heri kwa Kiingereza, kama alivyoambiwa. Hapakuwa na la kuulizwa zaidi. Nikaona nikikaa kimya dakika moja nyingine sitasema milele, nikasema.

"Kilikuwa ni kiti," nikamwambia. "Ni mimi. Nililipaka bomba grisi, na kaboni haipakwi grisi, na sikujua. Nimekuharibia maisha yako kwa mkono wangu."

Nikasikia akifunga mlango upande wake.

"Najua, kaka," akasema.

"Umejua lini?"

"Tangu juzi. Fundi wa timu alipofungua katoni aliiona grisi imechuruzika pale chini ya kiti. Akasema lazima akitoe, akifute. Nikamkataza."

"Kwa nini?"

"Akaniuliza hivyo hivyo. Nikamwambia baiskeli hii ameifunga kaka yangu, na kaka yangu hakosei. Akarudi mara ya pili, usiku wa kuamkia mbio, na kitambaa mkononi. Nikamgombeza, kaka. Nilimgombeza mbele ya watu."

Mama alikuwa ameshafika nyuma yangu, amenyoosha mkono ataka azungumze na mwanawe. Nikampa simu.